Asubuhi Ndege ya Nuru Ilipokataa Kutua

Vijana mnaoanza kazi kiwanjani mmeniomba niwaandikie nilivyoishi na kazi hii, nami nimekubali kwa sharti moja: msinisahihishe Kiswahili. Kinyambo nilinyonya, Kiswahili nilikutana nacho shuleni, na bado tunaheshimiana kama wakwe. Mishahara na vyeo sitaviandika. Mshahara ulikuja na ukaondoka. Cheo nilichostaafu nacho ni kilekile nilichoanza nacho, ila kiliongezewa maneno kikawa kirefu. Nitaandika habari za nyasi, upepo na ng'ombe, na za binti mmoja aliyetaka kuifundisha mashine kuwaona ng'ombe hao.

Kwa atakayesoma bila kukijua kiwanja chetu, ni ukanda wa nyasi juu ya kilima, upande wa Nyakasimbi, wilayani Karagwe. Zamani hospitali ya misheni ilikitengeneza ili ndege ndogo ilete madaktari na kuchukua wagonjwa wasioweza kuvumilia barabara. Jengo la abiria halipo. Pana kibanda cha bati, stoo iliyokuwa ya mafuta, mlingoti wenye soksi ya upepo, na ukoka. Pande zote ni migomba na mibuni ya watu, na watu hao wana ng'ombe, na ng'ombe hao tangu wazaliwe wanaamini ukoka ule ni wao.

Niliajiriwa kufyeka. Siku ya kwanza nilifika na fyekeo langu begani nikamkuta msimamizi, Ta Felisiani, maana kwetu wakubwa huitwa Ta na Ma, amelala kifudifudi katikati ya njia ya ndege. Nilidhani amekufa. Nilipokaribia nikaona ameweka shavu chini, jicho moja amelifumba, anatazama ardhi kama seremala anavyotazama ubao. Hakuinuka kunisalimia. Aliitikia shikamoo yangu akiwa palepale chini, akaniambia nilale nami nitazame. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya kwa ajili ya kazi mpya. Nililala. Na kweli kutoka pale niliona kitu ambacho aliyesimama hakioni, kivimbe kidogo cha udongo ambao fuko alikuwa ameusukuma.

"Wewe ukijikwaa hapo, unaumia kidole," alisema. "Ndege ikijikwaa hapo, tunazika."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa kazi. Wa karatasi ulikuja baadaye.

Ta Felisiani alinifundisha kutembea njia nzima kwa miguu kabla ya kila ndege, nikigonga kwa kisigino, maana udongo wa kwetu baada ya mvua hudanganya, juu mkavu na chini uji. Alinifundisha kusoma upepo kwa moshi wa majiko ya jirani pale soksi inapolowa na kuning'inia kama kitambaa cha jikoni. Soksi yenyewe ilishonwa Kayanga mjini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mzee Salum, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Tanga. Mzee Salum aliagiza kitambaa cha rangi ya chungwa kutoka Bukoba, na siku ilipopandishwa mlingotini alikuja kuitazama na familia yake yote, wamevaa kama watu wanaokwenda harusini. Ndege ilitua siku hiyohiyo. Binti yake mdogo, Nuru, aliwasumbua wazazi njia nzima ya kurudi akiuliza kwa nini haianguki. Hilo alinisimulia mama yake, kwa uchovu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini mkiniuliza ipi nitasema senene, wale panzi wa kuliwa. Mnajua senene wakishuka hapa kwetu. Hakuna shamba, hakuna ofisi, hakuna msiba unaomzuia mtu. Asubuhi moja walishuka juu ya ukoka wetu mpaka kijani kikaonekana kinatembea, na watu wakaja na ndoo, vyandarua na magunia, wazee kwa watoto, wameinama kila mmoja na shughuli yake. Wakati huohuo rubani wetu, Kapteni Joakimu, yuko juu anazunguka, na kibandani kuna mama aliyejifungua vibaya anayetakiwa Mwanza. Tulipiga filimbi mpaka mashavu yakauma. Wachache waliinua vichwa, wakatupungia mikono, wakaendelea. Ta Felisiani akachukua baiskeli, akateremka hadi parokiani na kumwomba mpiga kengele apige kengele ya msiba. Kengele ilipolia watu walisimama, wakatazamana, wakaanza kuteremka kwenda kujua amekufa nani. Ndege ikatua. Yule mama alifika Mwanza, na mwanaye leo ni fundi wa pikipiki Kihanga. Baba Paroko alikuja kulalamika kuwa kanisa lake lilijaa watu wenye ndoo na senene wakarukia altareni, ila alikuwa akilalamika huku anatafuna.

Kapteni Joakimu ndiye aliyenipandisha ndege mara ya kwanza. Nilikuwa nimeifyekea miaka bila kujua wao huko juu wanaona nini. Tuliruka kuelekea Kyerwa, nikaona vilima vyetu vimelala kama ng'ombe wanaocheua, kila nyumba imekumbatiwa na migomba yake, na ziwa moja baada ya jingine liking'aa bondeni. Niliona barabara ya Mabira ilivyojipinda kama utumbo, nikaelewa kwa nini wagonjwa wa huko hufika wamechoka kuliko ugonjwa wao. Nilipiga kelele. Kapteni alidhani ninaogopa akataka kurudi, nikamshika bega nikamwomba asirudi kwanza.

Ta Felisiani alipostaafu kiwanja kikabaki mikononi mwangu. Kisha ikaja lami, yakaja mabasi mazuri, na ndege ikawa inakuja kama mgeni wa Krismasi. Nilifyeka kila wiki kiwanja kisichotumika. Watu wakaanza kupita wakipima kwa macho, huyu akiona viwanja vya nyumba, yule akiona soko la mnada. Uongozi wa hospitali uliniambia kwa upole kwamba itabidi waamue. Nilijua neno hilo maana yake nini.

Ndipo Nuru aliporudi.

Alikuja kwa bodaboda akiwa amekumbatia boksi kubwa kuliko yeye, na bodaboda ya pili ikamfuata na maboksi mengine. Alikuwa amesoma uinjinia Dar es Salaam. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia amekua, akasema hata mimi sijazeeka sana, jambo ambalo nililipokea. Hospitali ilikuwa imemruhusu kutumia ile stoo ya mafuta kwa mwaka mmoja. Alitaka kutengeneza ndege isiyo na rubani, ya kupeleka dawa Kyerwa, kule ambako mvua ikinyesha barabara hugeuka mto. Nikamuuliza kwani hizo si zipo tayari, wanazirusha hata kwenye harusi. Akasema zipo, lakini zile ni kama baiskeli ya mtoto, lazima mkubwa aishike. Yeye alitaka yenye mabawa, iruke mbali, na ikifika iamue yenyewe kama pana usalama wa kutua.

"Itaamuaje?" nikamuuliza.

"Tutaifundisha, Ma Leokadia. Mimi na wewe."

Lazima niwaeleze binti huyu alivyokuwa, kwa sababu sijawahi kuona mtu anayependa kitu namna ile. Tukiwa tunakula angeacha kijiko hewani kwa sababu mwewe amepita. Alikuwa na uwezo wa kumtazama mwewe akizunguka juu ya bonde mpaka nzi wakatua kwenye chai yake, kisha akakimbilia stoo kukata upya ncha ya bawa. Alinieleza kwa nini bawa huinua, akitumia karatasi na pumzi yake, nami niliyekaa na ndege maisha yangu yote nikaelewa siku ile jambo ambalo nilikuwa nikilifyekea tu. Nilikwenda nyumbani nikimpulizia mume wangu karatasi usoni. Akiwa hazungumzii mabawa, anazungumzia akili mnemba, mashine inavyojifunza kwa mifano kama mtoto, na jinsi siku moja mambo hayo mawili yatakavyokuwa kitu kimoja, ndege yenye macho yake. Vitu hivyo viwili vilimpigania kama ndugu mapacha. Asubuhi mabawa, mchana akili.

Ndege ya kwanza aliitengeneza kwa povu jeupe kama la maboksi ya samaki, vijiti na gundi. Ilipaa vizuri sana, ikageuka vizuri sana, ikaingia vizuri sana kwenye migomba ya Ta Byabato. Mzee yule aliirudisha mwenyewe, vipande vyote amevifunga kwa majani ya mgomba kama matoke yanayokwenda jikoni, akampa pole Nuru kana kwamba amefiwa. Nuru alipokea kwa mikono miwili. Alifungua palepale, akaanza kutafuta kipande kilichovunjika kwanza, na alipokipata akacheka kwa furaha. Ta Byabato aliniambia pembeni nimwangalie binti huyu, kichwa kisije kikawa kimeguswa.

Ya pili ilianguka. Ya tatu iliruka hadi ikarudi.

Kisha likaja somo la macho. Nuru alifunga kamera tumboni mwa ndege, akapiga picha za kiwanja chetu asubuhi, mchana na jioni, jua na mvua, kikiwa tupu na kikiwa kimejaa. Kazi yangu ikawa kukaa mbele ya kompyuta na kuchora kiboksi kuzunguka kila kilichomo na kukitaja: ng'ombe, mbuzi, mtu, baiskeli, kichuguu. Mashine ilisoma viboksi vyangu, kisha Nuru akaipa picha mpya aone imeelewa nini. Mwanzoni ilikuwa na akili kama ya kuku. Kivuli cha wingu iliita shimo. Baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi iliita ng'ombe, nami sikuilaumu, kwa mbali hata mimi nimeshawahi kuipigia filimbi. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu iliwaita mti ulioanguka. Kila kosa lilimfurahisha Nuru. Alisema kosa la mashine ni dirisha, unachungulia ndani uone inawaza nini. Nilizoea kuingia stoo nikiuliza, kabla ya salamu, leo imekosea nini.

Na ikabadilika. Kuna siku ilimwona ndama aliyelala kwenye kivuli cha mbuni, ambaye mimi sikumwona kabisa. Nilidhani imekosea. Tulikwenda kwa miguu, na ndama alikuwepo. Nilipiga vigelegele pale uwanjani peke yangu, ndama akakimbia.

Nuru alitaka pia ndege iweze kusema ikitua mahali penye watu. Alirekodi sauti yangu, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo: "Shikamooni. Mimi ni ndege ya dawa. Tafadhali nipisheni." Nilimwambia ndege haina haja ya kuamkia watu. Akasema imezaliwa juzi, kila mtu ni mkubwa wake.

Mwaka wake ulikaribia kuisha. Wakaguzi wa mambo ya anga waliandika kwamba watakuja kuiona ikiruka kutoka kwetu hadi ng'ambo ya bonde na kurudi kutua, na baada ya hapo watasema kama inaweza kupewa ruhusa ya kuvuka kwenda Kyerwa. Uongozi wa hospitali nao ulisema utasubiri neno la wakaguzi ndipo uamue habari ya kiwanja. Kwa hiyo ndege ya Nuru, kiwanja changu na kazi ya kesho vyote viliwekwa kwenye kikapu kimoja. Nuru hakulala vizuri wiki ile. Kitu kimoja kilimsumbua, nacho aliniambia mimi tu. Ndege ilikuwa imefundishwa kwamba ikikuta kiwanja hakiko salama izunguke na kungoja, na betri ikipungua itafute yenyewe uwanja mwingine mtupu wa nyasi itue huko. Hiyo sehemu ya mwisho ilifaulu kwenye kompyuta. Angani hakuwa ameijaribu hata mara moja.

Wakaguzi walifika jioni wakalala Kayanga. Kulikucha na mawingu mazito na umande. Nilipofika kiwanjani alfajiri ile nilisimama mwanzo wa njia nikasikia mlio ambao kila mtu wa Kagera anaujua kabla hajaamka sawasawa. Senene walikuwa wameshuka.

Palikuwa hapajaja mtu bado. Nilitembea njia nzima nikigonga kisigino, senene wakiruka pembeni ya miguu yangu, nikiomba watu walale kidogo. Wakaguzi walifika, mama mmoja mkubwa wao, mpole, mwenye koti la mvua, na wenzake. Nuru aliwaeleza kila kitu kwa Kiswahili chake kizuri cha kwao. Ndege ikapaa. Ilipita juu ya migomba ikapotea upande wa bonde, na kwenye kioo cha kompyuta tukaiona ikienda kama alivyoipangia. Nilikuwa nimeanza kutabasamu nilipogeuka nyuma.

Walikuja kutoka kila kichochoro cha migomba. Ndoo, madumu yaliyokatwa, vyandarua, hata sufuria. Kabla sijafika katikati walikuwa wameshajaa ukoka wote, wameinama, na Ta Byabato akiwa mbele yao na gunia. Nilichukua filimbi yangu. Tayari nilikuwa nimeanza kukimbia, maana miguu yangu haijui kazi nyingine, Nuru aliponiita.

"Mama, waache."

Nikasimama. Hakuwahi kuniita Mama hivi hivi, siku zote ni Ma Leokadia. Alikuwa ameshika kompyuta kwa mikono yote miwili, uso wake umebadilika, haukuwa na woga tena. Kwenye kioo ndege ilikuwa inarudi, na kile kiwanja kidogo kwenye picha kikaanza kujaa viboksi. Mtu. Mtu. Mtu. Kila aliyeinama iliona ni mtu. Mmoja wa wakaguzi alimkumbusha kwamba ana rimoti, anaweza kuishika ndege kwa mkono na kuishusha pembeni. Nuru akamjibu kwamba ni kweli anaweza, lakini ndege imeona, na angependa wote waone itafanya nini. Mama mkaguzi akamtazama kwa muda, akasema sawa.

Ikaja. Ilishuka kidogo, watu wakainua nyuso, kisha ikapanda tena. Ikazunguka. Ikaja mara ya pili, ikatazama, ikapanda. Mimi nilikuwa nimesimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukimbilia wale watu. Baada ya kuzunguka tena betri ikapungua, na ndege ikageuza pua, ikaondoka kuelekea Kihanga. Tuliifuata kwa macho mpaka kilima kikaificha. Kwenye kompyuta picha ikakatika.

Nuru alibonyeza, akangoja, akabonyeza. Nikasogea nikamshika mkono. Aliniambia polepole kwamba ama imefaulu ama imeisha, na hajui ipi. Nikamwambia basi twende tukajue, tuna pikipiki mbili kibandani.

Njia yote ya Kihanga nilikaa nyuma ya bodaboda nikitazama migomba pande zote, nikitafuta kitu cheupe nisichotaka kukiona. Wakaguzi walitufuata kwa gari lao. Tulikuwa hatujafika kijijini simu ya Nuru ilipoita. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye tumbo la ndege. Bodaboda ikasimama. Nuru alisikiliza, akaniangalia, akaniwekea simu sikioni kwa sababu yeye alikuwa ameshindwa kuzungumza. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliuliza kwa adabu kama sisi ndio wenye ndege, kwa kuwa iko kwenye uwanja wao wa mpira, na wanafunzi hawataki kuingia darasani.

Tuliikuta imekaa karibu na kona ya uwanja, mabawa mazima, na umande juu yake. Watoto walikuwa wamepangwa mstari mbali nayo. Mwalimu alieleza kwamba ilipita juu mara moja, ikarudi, ikashuka taratibu kama bata, kisha ikaamkia. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni aliitikia marahaba, akaiuliza imetoka wapi, na ilipoendelea kurudia maneno yaleyale akasema mtoto huyu amefundishwa adabu lakini si msikivu.

Nuru alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa akaishika ndege kwa kichwa kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa. Alikuwa analia na kucheka, mimi pia, na watoto nao wakaanza kupiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mama mkaguzi alishuka garini, akazunguka ndege, akainama, akatazama magurudumu. Akamuuliza Nuru kama kuna mtu yeyote aliyeionyesha ndege uwanja huu kabla. Nuru akasema hapana, hata yeye hakujua kama upo. Yule mama akainuka.

"Nimesafiri kuja kuona kama inaweza kutua," alisema. "Nimeona inaweza kukataa. Hilo ndilo nilikuwa nataka."

Ruhusa ilikuja baada ya muda wa kuja karatasi, ambao mnaujua. Kiwanja kikabaki. Nuru akapata fedha za kutengeneza ndege imara zaidi, stoo ikapakwa rangi, nanyi mkaajiriwa. Wengine wenu mlikuja mkidhani nitawafundisha kompyuta, nikawalaza kifudifudi na nguo zenu mpya. Nuru aliwafundisha upande wake. Ninawasihi msichague upande mmoja. Nimefundishwa na mzee aliyenizidi sana umri na binti niliyemzidi sana umri, na wote wawili walinitendea jambo moja, walinionyesha kitu nilichokuwa nakikanyaga kila siku.

Siku yangu ya mwisho kazini sikuwa kiwanjani. Nilitumwa Mabira, wilayani Kyerwa, kukagua kipande cha nyasi nyuma ya kituo cha afya ambako ndege zetu zingeanza kutua wiki inayofuata. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, na bodaboda iliyonipeleka ilinishusha bondeni nikavuka maji kwa miguu, viatu mkononi. Nilikuwa nimemaliza kugonga kisigino, nakwenda kunywa chai, wahudumu waliponiletea habari kwamba muuguzi wa zamu, Sista Editha, anataka kunisemesha. Mkulima mmoja alikuwa ameumwa na nyoka akipogoa migomba. Walimleta kwa machela. Dawa ya sumu ilikuwa imekwisha kituoni, na gari lisingeweza kuvuka pale nilipovuka mimi. Aliniuliza kama ile ndege ni lazima ingoje wiki ijayo.

Nilimpigia Nuru. Hakuuliza maswali mengi, aliuliza nyasi zikoje. Nikamwambia ziko imara. Akasema anakwenda kuchukua dawa hospitalini.

Mke wa yule mkulima alikuwa amekaa kwenye baraza, amepakata gambuti za mume wake zenye tope. Nikakaa karibu naye. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili, natuma ndege iende kwa watu, sikuwahi kukaa mahali inapongojwa. Sasa nilikuwa natazama kilima kama yeye anavyokitazama. Nilisikia mlio kabla sijaiona, kisha ikatokea juu ya migomba, nyeupe, ndogo, inakuja bila wasiwasi, na moyo wangu ulidunda kama siku ile Kapteni Joakimu aliponipandisha. Ilizunguka mara moja, ikatutazama, ikatua. Ikaamkia kwa sauti yangu. Sista Editha aliikimbilia, akafungua, akachukua boksi na kukimbia nalo ndani bila kugeuka wala kushukuru, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Yule mke wa mkulima aliniuliza nani ameiendesha. Nikamwambia ndani hamna mtu. Akafikiri.

"Basi nimshukuru nani?"

Nikamwambia Kayanga mjini kuna duka la vitambaa la Mzee Salum, akifika aulize binti yake. Akarudia jina hilo mara mbili ili asilisahau.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Sista Editha alitoka akasema uvimbe umesimama, na mgonjwa ameanza kuuliza nani anawafungia mbuzi wake. Mkewe aliposikia mbuzi ndipo alipoweka zile gambuti chini. Nilimpigia Nuru kumpa habari. Alipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni, halafu bila kupumua akaanza kunieleza bawa jipya alilolifikiria ndege ilipokuwa njiani, jembamba zaidi, litakalovuka maziwa, na jinsi atakavyoifundisha kuona maji, na baadaye, akasema, satelaiti ndogo, Ma Leokadia, kwa nini isiwe satelaiti. Alitaka tulijaribu bawa hilo kesho yake.

Nilimkumbusha kuwa tangu jioni ile mimi ni mstaafu. Akasema anajua, akanipongeza, akaniambia nastahili kupumzika. Kisha akauliza kama saa moja asubuhi itanifaa.

Nikamwambia itanifaa.